"Mwalimu mnoko" ni sawa na "mwalimu mkali"? Na hili neno mnoko limetoka wapi?

#1 Mhariri wa Usiku
Wakuu, habari. Naomba tulichambue neno moja. Kwenye hadithi na tamthilia, wahariri wengi wakikuta "mwalimu mnoko" wanafuta na kuweka "mwalimu mkali". Hoja yao ni kwamba mnoko ni neno la mtaani na maana ni ileile. Mimi napinga. Maana si ileile, na anayefuta anaiharibu sentensi. Mkali anaweza kuwa mnoko, lakini mnoko si lazima awe mkali. Mwenye hoja tofauti aje nayo, na mwenye asili ya neno aiweke hapa tuipime.

#2 Dagaa Kauzu
Mnoko ni mtu asiyetaka wenzake wapumue. Basi.

#3 Ticha Zamu
Mkuu #1 uko sahihi, na mahali rahisi pa kuiona tofauti ni wiki ya zamu.

Tuseme kengele ya mstarini ni saa 1:30 asubuhi. Mwalimu wa zamu aliye mkali anafunga geti saa 1:30 kamili. Aliyechelewa anafagia au anafyeka, saa 2:00 vipindi vinaanza, yuko darasani, mambo yameisha. Kesho ni hivyohivyo kwa kila mtu, awe mtoto wa mwenyekiti wa kijiji au wa muuza mchicha. Watoto wanamwogopa lakini wanamjua: saa 1:29 umepona, saa 1:31 umekwisha.

Mwalimu mnoko anafunga saa 1:28 kwa saa yake ya mkononi, ambayo hailingani na ya ofisini. Mvua inanyesha, watoto wamevuka mto, yeye hasikii. Anakupa adhabu yake, halafu anakuandika kwenye kitabu cha zamu, halafu anapeleka jina kwa mwalimu wa nidhamu, halafu anamwambia mwalimu wa darasa, naye anakutaka uje na mzazi. Kosa moja limezaa adhabu tatu. Na fimbo hajagusa! Ndiyo maana nasema unoko hauna uhusiano wa lazima na ukali wa kipigo. Unaweza kuwa mpole wa sauti, hujawahi kumchapa mtoto, na bado shule nzima ikakuita mnoko.

Sare ni hivyohivyo. Mkali anasema suruali za modo (za kubana) haziruhusiwi, anayevaa arudi nyumbani kubadilisha. Mnoko anakuja na rula kupima upana wa pindo.

#4 Fundi_Sarufi
Hapo kwenye rula umemaliza. Niongeze upande wa lugha.

Chukua sentensi hii: "Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa mkali, ndiyo maana darasa lilifaulu." Inakaa vizuri. Sasa weka mnoko: "alikuwa mnoko, ndiyo maana darasa lilifaulu." Inachechemea. Ili isimame lazima uongeze "ingawa" au "pamoja na unoko wake". Yaani mkali anaweza kusifiwa, na wazazi wengi wanatafuta shule yenye walimu wakali. Hakuna mzazi anayetafuta shule yenye walimu wanoko.

Pili, "mkali" lina mzigo mwingine. "Yule ni mkali wa Fizikia" maana yake ni hodari, anaijua. Mhariri akifuta mnoko na kuweka mkali, msomaji anaweza kuelewa kinyume kabisa cha alichokusudia mwandishi.

Tatu, ni maneno ya aina mbili. -kali ni kivumishi, kinafuata ngeli: kisu kikali, jua kali, maneno makali. Mnoko ni nomino ya A-WA, mnoko/wanoko, na tabia yake ni unoko. Husemi "sheria noko" wala "kisu kinoko". Ukitaka kuipa kitu sifa hiyo unapitia ki- ya namna: sheria za kinoko, swali la kinoko, mtihani wa kinoko. Na kitenzi chake hakijazoeleka. Watu wanasema kuleta unoko, kufanya unoko, acha unoko.

#5 Chaki Nyeupe
Wote mnazungumzia mwalimu, lakini maana ya kwanza ya mnoko ni MCHONGEAJI. Nendeni darasa lolote la msingi mwalimu anapotoka. Kiongozi wa darasa anabaki na karatasi ya wapiga kelele. Anaandika jina, ukirudia anaweka alama ya mara 2, ukimjibu vibaya mara 3. Huyo akiandika hata aliyeomba rula kwa jirani, ndiye anayeitwa mnoko. Mwalimu mnoko ni matumizi yaliyofuata: mwalimu anayepeleka kesi kwa mkuu wakati angeweza kuimaliza mwenyewe. Hata mfano wa Ticha Zamu #3 unathibitisha hilo, kwa sababu kilichomfanya mwalimu wake awe mnoko ni kupeleka jina sehemu tatu.

#6 Ticha Zamu
Chaki, nusu nakubali. Lakini rula ya pindo haina uchongezi wowote na bado ni unoko. Na askari wa barabarani anayekataa kusikia lolote, mkusanya ushuru wa sokoni, karani anayekurudisha kwa sababu umetumia kalamu nyeusi badala ya bluu, wote wanaitwa wanoko na hawamchongei mtu yeyote kwa yeyote.

#7 Chaki Nyeupe
Karani anakuchongea kwa fomu 😀

#8 BintiMakunduchi
Assalaam alaykum. Kuhusu asili, tazameni neno NOKOA.

Katika mashamba ya karafuu na minazi ya Unguja na Pemba, na mashamba ya nafaka ya Malindi, kazi ya watumwa ilikuwa na ngazi za usimamizi. Juu ni msimamizi, chini yake nokoa, chini ya nokoa ni kadamu. Maneno haya yamo katika kamusi za zamani, na wingi wake ni manokoa na makadamu. Sasa hapa ndipo penye uzito: nokoa na kadamu kwa kawaida walikuwa wenyewe ni watumwa. Mwenye shamba yuko mjini, na anayekuhesabia kazi na kukusema kwa msimamizi ni mwenzako mliyelala naye upande mmoja wa shamba.

Maana zote mbili mnazogombania zimo humo. Kushikilia amri kupita mwenye amri, na kumpelekea mkubwa habari za wenzako. Mwalimu anayefunga geti dakika mbili kabla ni nokoa. Mtoto mwenye karatasi ya wapiga kelele ni nokoa.

#9 Mhariri wa Usiku
Bi Makunduchi, shukrani. Hili sikulitegemea. Wengine mnasemaje?

#10 Fundi_Sarufi
Linavutia, na kwa maana linakaa vizuri mno, na hapo ndipo mimi huanza kuwa na wasiwasi. Vizuizi viko vitatu. Nokoa lina -a mwishoni na mnoko halina. Wingi wa nokoa ni wa ma-, manokoa, mnoko ni m-/wa-. Na utumwa Zanzibar ulipigwa marufuku mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, ilhali mnoko ni neno la vijana wa shule na mitaa ya Bara. Neno limepita njia gani kutoka shamba la karafuu hadi mstarini? Nipe hatua ya katikati, hata moja, ambapo mtu ameandika "nokoa" kwa maana ya mtu mnoko nje ya shamba, nami nitakubali.

#11 Kisiki cha Mpingo
Fundi, vizuizi viwili vya kwanza havina nguvu.

Kukata mwisho wa neno ni desturi ya mtaani: shemeji anakuwa shem, Morogoro inakuwa Moro. Na kuongeza m- kwa neno la cheo lisilokuwa nayo kuna mfano mkubwa: NYAPARA. Neno hili limetoka kwa Wanyamwezi, nyampara, mkubwa wa watu. Kwenye misafara ya karne ya 19 kirangozi aliongoza njia, wanyapara wakasimamia wapagazi. Baadaye likahamia kwa wasimamizi wa vibarua, na magerezani nyapara ni mfungwa anayesimamia wafungwa wenzake. Leo wengi wanasema mnyapara, wanyapara. Kwa hiyo nokoa kuwa mnoko si jambo la ajabu. Kizuizi chako cha tatu ndicho chenye uzito, na sina jibu lake.

Lakini oneni hapo pia: nyapara wa gerezani ni mfungwa. Kama vile nokoa.

#12 Wa Kisauni
Hamjambo. Huku Mombasa mnoko si neno la kila siku. Mwalimu wa aina hiyo tunasema tu ni mkali, au ni mnyapara. Mnyapara huku ni yule anayesimamia vibarua kwenye mjengo, kwa hiyo mtoto akimwita mwalimu mnyapara ashasema yote.

Kwa Sheng mwalimu ni odijo. Kuna neno linalofanana na lenu, kunoki, lakini maana ni nyingine: "huyu amenoki" ni kwamba kichwa hakiko sawa, amefanya mambo ya wazimu. Linatokana na injini. Injini ikinoki, imeanza kugonga, haifai.

#13 Dagaa Kauzu
Ndiyo hilo hilo! Kunoki ni kugonga. Mwalimu anayegonga wanafunzi konzi za kichwa ni mnoko. Tumemaliza.

#14 Fundi_Sarufi
Dagaa, hatujamaliza. Kitenzi cha Kiingereza, kama hicho "knock", kikiingia kwetu na kuishia na -i, nomino ya mtendaji haigeuki kuwa -o bila sababu. Kutoka kunoki tungepata mnoki. Kisha maana: hakuna mahali mnoko linatumika kwa mtu anayepiga konzi. Ticha ameonyesha hapo #3 kwamba unoko hauhitaji hata kugusa. Na injini iliyonoki imeharibika, haifanyi kazi. Mnoko anafanya kazi kupita kiasi.

Kwa kuwa tumefika kwenye umbo: wapo wanaodhani mnoko linatokana na kunoa. Hapana. Anayenoa ni mnoaji, na magazeti ya michezo yanamwita hivyo kocha. Kiambishi -ko cha mtendaji hakipo Kiswahili. Kitu kilicho karibu zaidi ni mchoyo. Kuna choyo, kuna uchoyo, kuna mchoyo, wala hatuhitaji kitenzi. Mnoko na unoko vinafuata njia hiyohiyo, kwa hiyo tunachotafuta ni nomino "noko", si kitenzi.

#15 Kisiki cha Mpingo
Na noko ni nokoa bila a. Umejifunga mwenyewe Fundi.

#16 Fundi_Sarufi
Sijajifunga. Nimesema nipe hatua ya katikati.

#17 Bibi Kamusi
Wengine huko mitandaoni wanaleta nongwa, ile tabia ya kulaumu na kushikilia kosa dogo. Maana iko karibu, kwani mwenye nongwa hasamehi dakika 2 za kuchelewa. Lakini sauti haziendi, ngw haiwi k kirahisi hivyo. Nimeitaja ili mtu asije akaileta kama ugunduzi.

Kitu kingine: tusiliache neno kiranja. Siku hizi ni mwanafunzi anayesimamia wenzake, lakini zamani jandoni kiranja ni mvulana wa kwanza kutahiriwa katika kundi. Ametangulia kisuni, wengine wakafuata. Heshima ya neno ilitoka hapo. Ndiyo maana naona si sawa kumwita kila kiranja mnoko. Kiranja ni cheo, unoko ni tabia.

#18 Lubum_243
Jambo wote. Kwetu Lubumbashi tunasema tu mwalimu mukali. Lakini mumenishangaza na mambo ya viranja, kwa sababu nasikia Wakenya wakisema "prifekti" kwa mwanafunzi. Kwetu prefe ni mukubwa wa shule ya sekondari nzima. Ukisema "prefe ameniandika" mtu anafikiri umefukuzwa shule. Mwenye anaogopewa zaidi na watoto ni direkteri wa disiplini.

#19 Wa Kisauni
Lubum asante, hiyo ya prefe ni nzuri sana. Kwetu prifekti akikuandika unamwomba radhi wakati wa chai.

#20 Mlimani77
Chuoni neno linabadilika tena. Mhadhiri hana geti wala mstari, kwa hiyo unoko wake unapimwa kwa maksi. Anayebana maksi anaitwa mnoko, lakini hapa wanafunzi wanachanganya mambo mawili.

Vyuo vingi kazi za muhula ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60. Mhadhiri mkali anatoa majaribio magumu, anasahihisha kwa mwongozo, ukipata 16 kati ya 40 unajua ulikosa wapi na wapi. Watu wanapata sapu (mtihani wa marudio), wengine wanadisko (wanaondolewa chuoni), na bado wakimaliza wanamsifu. Mhadhiri mnoko anakataa kupokea kazi iliyochelewa kwa dakika 5 wakati printa ya kitivo imeharibika tangu asubuhi na yeye anajua. Au swali la alama 10 anakupa sifuri kwa kuwa hukuandika kipimo (mita, kilo) mwishoni, ingawa njia yote ni sahihi. Mkali anapunguza alama 1 kwa kipimo. Kwa mtazamo wangu kipimo cha unoko ni hiki: adhabu haiendani na kosa, na mtoaji anaweza kuilegeza bila kuvunja kanuni yoyote, na hataki.

#21 Ticha Zamu
Mlimani, hiyo "anaweza na hataki" nimeipenda. Inaeleza hata karani na kalamu yake.

#22 Mtaa wa Pili
Siku hizi walimu wakali hawapo. Zamani viboko sita, unaenda kukaa. Leo hata mwalimu mnoko hana meno.

#23 Ticha Zamu
Mtaa wa Pili, tuweke kumbukumbu sawa kwa sababu mambo haya yanawaumiza watoto na walimu pia. Sita ilikuwa chini ya kanuni za mwaka 1979. Tangu 2002 kwa shule za Tanzania Bara kikomo ni viboko vinne kwa tukio, mkononi au makalioni juu ya nguo. Anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu kwa maandishi. Mtoto wa kike anachapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Na kila adhabu inaandikwa kwenye daftari lake: jina, kosa, idadi, aliyetoa.

Ukizisoma kanuni hizo unaona jambo kuhusu neno letu. Mwalimu anayechapa saba mstarini, bila daftari, bila ruhusa, watu wanasema "yule mkali". Siyo mkali huyo. Anavunja sheria. Na mwalimu anayekataa kumruhusu mwenzake achape kwa kuwa hana barua ya mkuu, ofisini anaitwa mnoko. Hapo neno linamwonea mtu anayefanya sawa.

#24 Wa Kisauni
Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia. Maneno ya viboko hayajaondoka hata hivyo, watoto bado wanasema "mwalimu wa kiboko" kwa anayesimamia nidhamu.

#25 BintiMakunduchi
Na kiboko chenyewe ni mjeledi wa ngozi ya mnyama kiboko. Wakati wa Wajerumani hesabu iliyotajwa ni hamsa ishirini, yaani 25. Neno limebaki, ngozi imekwisha, sasa hata kijiti cha mpera ni kiboko. Ndugu Fundi, neno likiweza kusafiri kutoka mgongo wa mpagazi hadi mkono wa mtoto wa darasa la pili, nokoa kwa nini lisisafiri?

#26 Fundi_Sarufi
Bi Makunduchi, kwa kiboko tunazo hatua zote. Ngozi, mjeledi, adhabu, fimbo yoyote. Kila hatua imeandikwa na watu wa wakati wake. Kwa nokoa tuna mwanzo na mwisho bila katikati. Hiyo ndiyo tofauti pekee, wala sisemi umekosea.

Anayetaka kusaidia afanye hivi: atafute maandishi ya miaka ya 1950 hadi 1980, magazeti, katuni, barua za wasomaji, michezo ya redio iliyoandikwa. Aangalie mnoko, wanoko, unoko, na pia "manoko", kwa sababu wingi wa ma- ukipatikana utakuwa mabaki ya manokoa. Aandike tarehe, mji, na sentensi nzima, siyo neno peke yake. Sentensi ndiyo itakayotuambia kama ni mchongeaji au mshika sheria, na hapo ubishi wa Chaki na Ticha nao utapata ushahidi.

#27 Chaki Nyeupe
"Manoko" hilo ni wazo zuri. Nasimama kwenye mchongeaji mpaka ushahidi uje.

#28 Dagaa Kauzu
Na kauzu je? Mwalimu kauzu ni mnoko?

#29 Bibi Kamusi
Dagaa, jina lako mwenyewe unatuuliza 😀 Kauzu ni dagaa aliyekauka akakakamaa. Mtu kauzu hana aibu wala huruma, uso mkavu, ukimlilia hatikisiki. Mwalimu kauzu unaweza kumkuta akivunja sheria vilevile, hajali. Mnoko anajali, tena anajali kupita kiasi. Usichanganye.

#30 Mhariri wa Usiku
Nashukuru wote. Nimebaki na swali la kazi. Mhusika ni mwalimu wa kike, bwenini, anayezima taa saa 4:00 usiku na kuhesabu wanafunzi kitanda kwa kitanda mara mbili. Hapigi, hapazi sauti. Wanafunzi wanasema "matroni ana unoko". Kitabu kitasomwa Bara, Zanzibar na Kenya. Niache unoko au?

#31 Wa Kisauni
Liache. Msomaji wa huku ataelewa kwa hiyo kuhesabu mara mbili. Ila usiandike "ana ukali", atatafuta fimbo ukurasa wa mbele asiione.

#32 BintiMakunduchi
Huku Unguja wengi watalielewa pia. Swali langu ni hilo la kuhesabu: anahesabu mara ya pili kwa sababu gani? Kama usiku fulani mtoto alipotea, huyo si mnoko, ni mwangalifu, na wanafunzi wanamsingizia. Mwandishi anajua?

#33 Mhariri wa Usiku
Sura ya nne kuna mtoto aliyetoroka. Matroni ndiye aliyegundua.

#34 Ticha Zamu
Basi liache neno midomoni mwa wanafunzi tu, kwenye maneno yao ya kunukuu. Msimulizi asilitumie.

#35 Kisiki cha Mpingo
Naunga mkono #34. Na Fundi, kuna maktaba ya mkoa hapa yenye magazeti ya zamani yaliyofungwa kwa miaka. Naanza na 1967. Nikikuta "manoko" narudi.